Namna ya Kujenga Kichanja cha Kivuli Uani

Ndugu Wanachama,

Mara nyingi mnapokuja ofisini, baada ya kwisha habari za mizani na magunia, huniuliza habari za kichanja cha kivuli. Nasema kile kijengo cha nguzo na miti ya juu, kisicho na kuta wala paa la bati, ambacho mtu hukijenga uani apate mahali pa kukaa jua linapokuwa kali, na mimea itambae juu yake. Wageni hukiita pergola, neno walilolipata kwa Waitaliano. Mmoja hukitaka kwa ajili ya mzazi wake, mwingine kwa ajili ya watu wa nyumbani wanaochambua karafuu. Nimekuwa nikijibu kwa mdomo, kila mtu kwa wakati wake, na sasa naona yafaa niandike, ili maneno yawe yale yale kwa wote.

Lakini kwanza niseme kweli. Kazi hii sikujifunza hapa kisiwani. Nimejifunza Mwankoko, mkoani Singida, na nilijifunza baada ya kukosea. Basi nitaanza na kosa langu, kwa kuwa ndani yake mna mafunzo yote matatu ya kazi hii.

KISA CHA MWANKOKO

Mwankoko ni kata katika Manispaa ya Singida, bara, katika nchi ya Wanyaturu. Dada yangu mkubwa ameolewa huko. Ni nchi ya mtama, uwele, alizeti na vitunguu, nayo iko juu kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mvua zake ni za msimu mmoja, tangu Novemba au Disemba mpaka Aprili. Baada ya hapo miezi hupita bila ya tone. Mtu akitazama ramani ataona kwamba Singida na Wete ziko karibu sawa kwa upande wa kaskazini na kusini, zote mbili kiasi cha nyuzi 5 kusini ya ikweta. Kwa hivyo njia ya jua angani ni moja. Jua lipitalo juu ya ua wangu ndilo lipitalo juu ya ua wa dada yangu. Ardhi, upepo na wadudu, hivyo si vya namna moja, na hapo ndipo nilipokosea.

Novemba 2021 nilikwenda kumtazama. Baba mkwe wake, mzee aliyekwisha pita miaka 80, alikuwa haoni vizuri tena, na kutembea kwake ni kwa fimbo. Mti mkubwa uliokuwa uani ulikuwa umekauka ukakatwa, na tangu hapo mzee akawa anashinda ndani, maana nje hapakuwa na pa kukaa ila juani. Dada akaniambia, “Mdogo wangu, wewe si mtu wa msumeno? Mtengenezee Baba kivuli, asije akafia ndani ya chumba.” Nikamjibu kwamba hiyo ni kazi ya siku mbili.

Na kweli nilimaliza kwa siku mbili. Nilinunua nguzo 4 mbichi za mkalitusi, nyoofu na za bei rahisi. Nikachimba mashimo ya futi 1 na nusu, nikazisimamisha, nikapigilia miti ya juu kwa misumari, nikafunika kwa turubai na kulikaza kwa kamba. Mzee akaletewa kiti chake, akakaa, akaniombea dua. Nikarudi kisiwani nikijiona fundi.

Agosti 2022 dada akanipigia simu asubuhi. Usiku wa kuamkia siku ile upepo ulivuma, na kichanja chote kilikuwa kimelala chini. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa ilikuwa usiku. Lakini kila mchana mzee alikuwa akikaa pale pale, na mtoto mdogo wa dada, wa miaka 4, alikuwa na desturi ya kulala juu ya mkeka karibu na miguu ya babu yake. Nguzo zilikatika usawa wa ardhi. Dada alisema, “Kwa nje ni nzima kama ulivyoiacha. Kwa ndani ni tupu, utadhani filimbi.” Siku nyingi baadaye nilikuwa nikifikiri habari ya saa tu: laiti upepo ule ungalivuma saa nane ya mchana.

Mwezi wa Septemba nikarudi Mwankoko, na safari hii nilianza kwa kuuliza. Mzee akaniambia nimshike mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, mahali palipobaki tembe la marehemu baba yake. Tembe ni nyumba ya zamani ya nchi zile. Paa lake ni bapa, limefunikwa kwa udongo, na uzito wote wa udongo ule hubebwa na nguzo zenye panda juu, ambazo miti ya paa hulazwa ndani ya panda zao. Tembe hili lilikuwa limekwisha anguka upande mmoja, lakini nguzo zake zilikuwa bado zimesimama. Mzee akazipapasa moja moja kwa kiganja. Akasema, “Mwanangu, udongo ulikaa juu ya miti hii tangu kabla mimi sijaoa. Wewe umeweka turubai tu, na likakushinda.” Nikamwambia, “Baba, umesema kweli.” Hakunicheka. Akaniambia nichukue nguzo 4 zilizo nzima, nikamjengee tena.

Kichanja kile cha pili kingali kimesimama. Nilikikagua mwenyewe Julai 2024, wakati upepo wao una nguvu, nikakuta hakuna nguzo iliyolegea. Sasa nitaeleza tofauti ya cha kwanza na cha pili. Ili iwe rahisi kukumbuka nitakigawa kichanja kama mwili wa mtu: miguu, mabega na kichwa.

KWANZA: MIGUU

Nguzo ya mti huharibika kwanza usawa wa ardhi. Sababu yake ni hii. Vimelea vinavyoozesha mti vyataka vitu viwili pamoja, maji na hewa. Chini sana shimoni maji yapo lakini hewa ni haba. Juu hewa ipo lakini mti ni mkavu. Pale inapotokea ardhini vyote viwili vipo. Na pale pale ndipo mchwa wanapoingilia. Mwankoko adui mkubwa ni mchwa, kwa kuwa nchi ni kavu na mti mkavu ndicho chakula chao. Huku kwetu, penye mvua nyingi, mchwa wapo na kuoza kupo. Kwa hivyo anayejenga kisiwani asidhani kwamba shauri hili ni la watu wa bara.

Jambo la pili ni kujua mti wenyewe. Shina la mti lina sehemu mbili. Iliyo nje, chini ya gome, ndiyo iliyokuwa ikipitisha maji mti ulipokuwa hai. Rangi yake mara nyingi ni nyeupe, ni laini, na mchwa huipenda. Iliyo ndani ni kiini. Katika miti migumu huwa na rangi ya kukoza, na hushiba vitu ambavyo wadudu hawavipendi. Ndiyo sababu kiini cha mninga na cha mpingo hudumu, lakini weupe wa nje wa mti ule ule huliwa. Nguzo zangu za mkalitusi zilikuwa changa, karibu zote ni weupe mtupu. Nguzo za tembe zilikuwa kiini kitupu, maana weupe wake ulikwisha liwa zamani, kilicholika kikaisha na kisicholika kikabaki.

Anayenunua leo ana njia mbili. Ya kwanza ni mbao au nguzo za kiini cha mti mgumu, na hizo azinunue kwa mfanyabiashara mwenye kibali na apewe risiti, maana miti ya namna hii imekuwa adimu na kuikata ovyo ni kosa. Ya pili ni nguzo za mkalitusi au msindano zilizotiwa dawa kiwandani kwa mitambo ya kushindilia, kama zile za umeme. Utazitambua kwa rangi yake ya kijani iliyofifia. Ukinunua hizo, angalia mambo mawili. Upande uliotiwa dawa usiukate ukauelekeza chini, maana dawa haifiki mpaka moyoni mwa mti. Na vipande vinavyobaki visitiwe jikoni kabisa. Katika dawa ile mara nyingi mna madini ya sumu, na moshi wake na majivu yake hudhuru watu.

Najua mtaniuliza habari za mikoko. Boriti za mikoko ni miti mizuri, na wazee wetu walijengea nyumba zao za mawe. Hata upana wa vyumba vyao ulifuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vile ni vyembamba. Lakini mikoko ndiyo ngao ya pwani yetu na makulio ya samaki wetu, na haikatwi bila ya ruhusa. Mwanachama asiseme kwamba Katibu alimwambia akakate boriti.

Wengine hupaka mguu wa nguzo oili chafu ya gari. Sipendi shauri hilo, kwa kuwa oili ile huingia ardhini karibu na kisima na karibu na mboga. Wengine huchoma mguu wa nguzo uwe mkaa kwa nje. Hilo halina madhara, ila si kinga ya kutegemewa peke yake. Kinga iliyo bora ni kutougusisha mti na udongo kabisa. Tulifanya hivi: tukachimba mashimo 6, kila moja futi 1 na nusu kwa futi 1 na nusu, kina chake futi 2 na nusu. Tukayajaza zege la saruji fungu 1, mchanga mafungu 3 na kokoto mafungu 6, na tukalipandisha mpaka likatokeza inchi 6 juu ya ardhi. Kazi hiyo ilikula mifuko 6 ya saruji ya kilo 50. Zege lilipokuwa bichi tulichomeka ndani yake mabapa 2 ya chuma kwa kila nguzo, upana inchi 2 na unene robo inchi, yakitazamana. Tukalifunika kwa magunia na kulinywesha maji kwa siku 7. Baadaye nguzo ikasimamishwa kati ya mabapa yale na kukazwa kwa boliti 2 zinazopenya toka upande huu mpaka ule, na chini ya nguzo ikaachwa nafasi ya inchi 1 ili maji yapite na upepo ukaushe.

Mchwa wanaweza kupanda juu ya zege, tena hupanda. Lakini ili wapande lazima wajenge njia yao ya udongo juu ya zege, nawe utaiona. Ukiiona, ibomoe na umwage dawa. Katika kichanja changu cha kwanza walipita chini kwa chini, na hakuna aliyewaona mpaka siku ya msiba.

PILI: MABEGA

Mabega ni pale nguzo inapokutana na miti ya juu. Hapa ndipo upepo hufanya kazi yake. Singida ni nchi ya upepo, hata pakafikiriwa kujengwa huko mitambo ya umeme wa upepo. Upepo huo una nguvu zaidi katika miezi ile ile ambayo sisi huku twaiita ya Kusi, nao hutoka mashariki na kusini-mashariki.

Chukua fito 4, zifunge ziwe mraba, kisha sukuma pembe moja. Mraba utalala. Chukua fito 3, zifunge ziwe pembetatu, kisha sukuma. Pembetatu haitalala mpaka ufito wenyewe ukatike. Hiyo ndiyo elimu yote ya mabega. Kichanja changu cha kwanza kilikuwa mraba mtupu. Kila upepo ulipovuma kilicheza kidogo, na kila kilipocheza misumari ilichomoka kidogo. Dawa yake ni kutia kipande cha mshazari kila penye bega. Tulikata vipande vya futi 2 na nusu. Kila kimoja kilitoka kwenye nguzo, futi 1 na inchi 9 chini ya mti wa juu, kikaenda kwenye mti wa juu, futi 1 na inchi 9 kutoka penye nguzo. Tulivitia pande zote mbili, kwa urefu wa kichanja na kwa upana wake, na kuvikaza kwa boliti. Msumari huvumilia kusukumwa kwa ubavu, lakini ukivutwa kwa kichwa hutoka.

Tena pana jambo ambalo tembe halitufunzi, na ni lazima nilieleze. Panda ya nguzo huzuia mti wa juu usianguke chini na usiteleze pembeni, lakini haizuii usinyanyuke. Tembe halikuhitaji kizuizi hicho, kwa kuwa udongo wa juu ni mzito na upepo hauwezi kuunyanyua. Kichanja ni chepesi. Turubai langu lilikuwa kama tanga la jahazi: upepo uliingia chini yake na kulivuta juu pamoja na miti yake yote. Kwa hivyo, ingawa tulitumia nguzo zenye panda, kila panda tuliizungushia waya mnene uliopakwa zinki, mara 4, tukausokota mpaka ukabana. Nilipomweleza mzee sababu yake, alifikiri kidogo kisha akasema, “Sawa. Nyumba nzito hujishikilia yenyewe. Nyepesi lazima ifungwe.”

TATU: KICHWA

Sasa twende juu. Watu wengi hujenga kichanja kwa kufuata ukuta wa nyumba, bila ya kuuliza jua linapita wapi. Hapa kwetu jua halikai upande mmoja. Mwezi wa Juni adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Disemba huwa upande wa kusini. Na mapema Machi na mapema Oktoba hupita juu ya utosi. Lakini siku zote, mwaka mzima, hutoka mashariki na kushuka magharibi, na jua linalomchosha mtu aliyekaa ni hili la asubuhi na la alasiri, ambalo huingia kwa ubavu.

Basi makombamoyo ya kichanja, yaani mbao za juu zinazoleta kivuli, yalazwe toka kaskazini kwenda kusini, na yasimamishwe kwa ubavu wake mwembamba, si kwa ubapa. Hivyo kila ubao huwa kama ukuta mdogo mbele ya jua la asubuhi na la alasiri. Ukiyalaza toka mashariki kwenda magharibi, jua litapita katikati yake kama maji katika mfereji, na utakuwa umetupa mbao zako.

Nafasi kati ya ubao na ubao ndiyo inayoamua saa ya kivuli. Ubao wa inchi 2 kwa inchi 4 ukisimama kwa ubavu una kimo cha inchi 4. Nafasi ikiwa inchi 4 pia, kivuli hutimia jua linapokuwa nusu ya njia kati ya utosi na upeo wa macho. Singida, katika miezi ambayo jua hupita utosini, ni kiasi cha saa kumi kasorobo alasiri. Nafasi ikiwa inchi 10, kivuli hakitimii mpaka kiasi cha saa kumi na moja na robo. Kwetu Pemba kila kitu hutangulia kwa dakika 20 hivi, kwa kuwa tuko mashariki zaidi nasi hutumia saa moja na wao. Kwa hiyo ukitaka kivuli cha mbao peke yake, mbao zitakuwa nyingi na gharama itakuwa kubwa. Sisi tulichagua nafasi ya inchi 10, na kazi iliyobaki tukawaachia mimea.

VIPIMO NA MPANGO WA KAZI

Kipimo tulichotumia ni futi 9 kwa futi 12, na sikukichagua ovyo. Mbao nyingi madukani zina urefu wa futi 12, kwa hivyo hakuna kuunga. Tena ukipima futi 9 upande mmoja na futi 12 upande wa pili, kamba ya mshazari ikawa futi 15 kamili, basi pembe yako ni mraba sawasawa. Pima mishazari yote miwili. Zikitofautiana hata inchi 2, usichimbe. Rekebisha vigingi kwanza. Vipimo hivi ni vya nje kwa nje.

Upande wa futi 12 uelekee mashariki na magharibi. Weka nguzo 3 upande wa kaskazini na 3 upande wa kusini, kila moja futi 6 na mwenzake. Sisi tulikuwa na nguzo 4 za tembe, ambazo baada ya kukata miguu iliyochakaa zilibaki futi 6 na nusu, tukaziweka pembeni. 2 za katikati tulinunua, zilizotiwa dawa, tukazichonga kichwa ziwe na kikalio cha mviringo. Pamoja na zege na nafasi yake, panda zikawa kiasi cha futi 7 kutoka ardhini, mtu mrefu akapita bila ya kuinama. Simamisha kila nguzo kwa timazi, uitazame pande mbili kabla ya kukaza boliti.

Juu ya nguzo laza mitambaapanya 2, yaani miti minyoofu ya futi 12 yenye unene wa inchi 5, mmoja kaskazini na mmoja kusini. Ihakikishe kwa pima maji. Kisha tia vipande vya mshazari vya urefu. Halafu leta makombamoyo 13 ya inchi 2 kwa inchi 4, urefu futi 12, uyapange kila baada ya futi 1. Kwa kuwa upana ni futi 9, kila kombamoyo litatokeza futi 1 na nusu kila upande, na kivuli kitaongezeka bila ya kuongeza nguzo. Kila kombamoyo likatwe pengo la inchi 1 pale linapokaa juu ya mtambaapanya, lipigiliwe msumari wa inchi 5 kwa mshazari, na lifungwe waya. Makombamoyo matatu yaliyo juu ya nguzo ndiyo yanayopokea vipande vya mshazari vya upana, kwa hivyo chagua yaliyo mazima kuliko yote.

Mbao ziwe kavu. Mbao mbichi ukiipigilia leo, itasinyaa na kujipinda, na kila msumari utalegea. Zipange mahali pa kivuli, juu ya vijiti ili hewa ipite kati yake, kwa wiki kadhaa kabla ya kazi.

MIMEA YA JUU

Mwaka wa kwanza mmea haujafika juu. Mwankoko tulipitisha fito juu ya makombamoyo, tukalaza mabua ya mtama yaliyofungwa matita membamba, na kuyaachia nafasi ili upepo upite. Turubai hatukuliweka tena. Kwenye nguzo za upande wa magharibi dada alipanda mapasheni, na kwenye nguzo moja mmumunye, kwa kuwa hukua upesi. Anafikiria kutia mzabibu, maana Dodoma ni jirani na zabibu huko zimestawi. Mmea upandwe futi 2 mbali na zege, ili maji ya kumwagilia yasisimame karibu na mguu wa nguzo. Na matawi yapunguzwe kila mwaka. Mmea mnene usiokatwa hugeuka kuwa turubai lile lile.

Hapa kisiwani tuna nafasi kubwa zaidi. Mapasheni hustawi, vanila hutaka kivuli chepesi na mahali pa kutambaa, na tambuu wengi wenu mnaijua kuliko mimi. Tena mwanachama mwenye kitalu cha miche ya mikarafuu anaweza kujenga kwa mpango huu huu, ila kwa kimo cha futi 6 na nusu, na kutandaza makuti juu. Mche wa mkarafuu ukiwa mchanga haustahimili jua kali. Makuti huondolewa kidogo kidogo miche inapokaribia kupelekwa shambani, ili ilizoee jua. Kwa makuti mazito funga waya kama nilivyoeleza, kwa kuwa makuti nayo ni tanga.

UANGALIZI

Mara mbili kwa mwaka, kabla ya Masika na kabla ya Kusi, zunguka kichanja chako. Tazama zege kama lina njia za mchwa. Gonga kila nguzo kwa nyundo, chini, kati na juu. Mti mzima hutoa sauti kavu, uliotoboka hutoa sauti ya debe. Kaza boliti. Sukuma nguzo ya pembeni kwa bega lako; ikicheza, watu wasikae chini yake mpaka itengenezwe. Kazi hii haifiki nusu saa. Mimi sikumwambia mtu yeyote aifanye nilipomaliza kichanja cha kwanza, na hilo nalihesabu kuwa kosa kubwa kuliko mashimo mafupi.

Ndugu Wanachama, kichanja si kitu kikubwa, nacho watu hukidharau kwa kuwa hakina ukuta. Lakini chini yake hukaa mzee asiyeweza kukimbia na mtoto aliyelala. Kilicho juu ya vichwa vya watu hawa kijengwe kama nyumba.

Nilipokwenda mwaka 2024 nilimkuta mzee chini ya kichanja, kiti chake ameegemeza kwenye nguzo moja ya tembe la baba yake. Mapasheni yalikuwa yamefika juu na kurudi chini. Alinitambua kwa sauti, akaniambia nikae.

Mchoro wa kichanja hiki wenye vipimo vyake vyote umebandikwa ofisini. Mwenye haja aje na karatasi na kalamu anakili.

Wenu katika kazi,
Katibu